Panya Hasomi Lebo: Kuhusu Kupima Mitishamba ya Nguvu za Kiume Maabarani

Wiki chache zilizopita binamu yangu alinitumia picha ya chupa ya vidonge alivyoagiza mtandaoni, pamoja na ujumbe mfupi: "Kaka, wewe uliwahi kukaa maabara. Hapa wameandika kwamba imethibitishwa kisayansi. Ni kweli?" Kwenye lebo palikuwa na jina la mmea, Fadogia agrestis, mchoro wa simba, na maneno yaliyodai kwamba utafiti umeonyesha ongezeko la homoni ya testosteroni. Lebo haikueleza ni testosteroni ya nani. Nilimjibu kwamba utafiti huo upo na umechapishwa, ila waliofanyiwa ni panya. Alicheka, kisha akauliza swali lililonifanya nikae kuandika haya: panya anapimwaje nguvu za kiume?

Jibu la haraka ni kwamba panya huhesabiwa matendo na sekunde, na kila kinachosemwa baadaye kuhusu nguvu, hamu au ujana ni tafsiri ya binadamu juu ya hesabu hizo. Jibu la haraka, hata hivyo, halimsaidii mtu aliyekwisha kulipia chupa, kwa hiyo nitaeleza taratibu jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa kuwa nimeifanya.

Nikiwa mwanafunzi nilitumia miezi kadhaa katika chumba cha wanyama, tukipima maji yaliyochemshiwa mizizi ya mmea ambao sitautaja kwa sababu kazi ile haikuchapishwa. Mambo ya kwanza unayojifunza humo hayahusu mapenzi hata kidogo. Panya ni mnyama wa usiku, hivyo taa za chumba hupangwa kinyume: huwaka usiku na kuzimika mchana, ili mtafiti anapoingia kazini asubuhi amkute panya akiwa katikati ya usiku wake. Unafanya kazi chini ya taa nyekundu hafifu, kwa kuwa jicho la panya haliuoni wekundu vizuri, na baada ya saa moja macho yako mwenyewe huanza kuuma. Kila mnyama amepimwa uzito, ambao kwa kawaida ni gramu 200 hadi 300, na amenyweshwa dawa kwa sindano butu yenye kifundo kidogo cha chuma nchani, ambayo hupitishwa mdomoni mpaka tumboni. Mkono ukitetemeka, dawa huingia mapafuni na mnyama hufa. Nilimpoteza mmoja kwa namna hiyo katika wiki yangu ya kwanza, na bado nakumbuka jinsi alivyokuwa mwepesi kiganjani.

Kisha huja zamu ya jike. Panya jike huwa kwenye joto, yaani tayari kupandwa, kwa saa chache tu katika mzunguko wa siku 4 au 5, na hakuna mtafiti anayeweza kupanga ratiba yake kwa kuvizia saa hizo. Kwa sababu hiyo majike huondolewa ovari kwa upasuaji, kisha huchomwa sindano za homoni za kike, ya estradioli saa 48 kabla ya jaribio na ya projesteroni saa 4 hivi kabla, na hapo huingia kwenye joto kwa muda uliopangwa. Jike aliyeandaliwa vizuri hajifichi: hurukaruka, hukimbia hatua chache na kusimama ghafla, na masikio yake hutetemeka kwa kasi mpaka kingo zake hazionekani sawasawa. Dume akimgusa ubavuni, hubinua mgongo na kusogeza mkia pembeni.

Dume naye huwekwa peke yake kwanza katika kizimba cha kioo chenye maranda, akae dakika 5 hadi 10 azoee mahali. Jike anapoteremshwa, saa hubonyezwa. Unaandika sekunde zilizopita hadi dume alipompanda mara ya kwanza, sekunde hadi alipopenya, idadi ya kupanda na idadi ya kupenya, sekunde hadi alipotoa manii, na mwishowe muda aliopumzika kabla ya kuanza upya. Jaribio moja mara nyingi huchukua dakika 30. Asiyewahi kuona hudhani tendo ni moja, kumbe panya dume hupanda, hupenya kwa muda usiofika hata sekunde moja, huruka nyuma, hujilamba, hurudi, na hurudia hivyo mara kumi au zaidi kabla ya kutoa manii. Baada ya hapo hulala ubavu na kutoa mlio wa takribani kilohezi 22, ulio juu ya uwezo wa sikio letu, na mwenye chombo cha kunasa sauti hizo husikia kitu kinachofanana na kuguna kwa mtu aliyetoka kula vizuri. (Ulinganisho huo ni wangu, na mwalimu wangu hakuupenda.)

Ugumu upo katika kutofautisha kupanda na kupenya. Huoni kiungo chochote; unachoona ni mgongo wa dume. Akipanda bila kupenya hushuka polepole, na akipenya hujirusha nyuma kwa nguvu, kisha hujilamba. Kati ya hizo mbili kuna matendo mengi ya mashaka, hasa saa ya tatu ya kukodoa macho kwenye mwanga mwekundu. Nami nilijua vizimba vipi vilikuwa vya dawa na vipi vya maji matupu, kwa sababu vibandiko nilibandika mwenyewe. Matokeo yetu ya kwanza yalipendeza sana. Mwenzangu mmoja, ambaye hakuwa na imani na mizizi ile wala na mimi, aliomba video, akafunika vibandiko, akaniketisha nihesabu upya nikiwa sijui nani ni nani. Tofauti ilisinyaa mpaka takwimu zikakataa kuiita tofauti. Sikuwa nimekusudia kudanganya hata mara moja. Ila kila dume wa dawa alipofanya tendo la mashaka nilikuwa nimemhesabia, na dume wa maji nilikuwa nimemnyima. Tangu siku hiyo, nikisoma makala ya aina hii, jambo la kwanza ninalolitafuta ni kama mhesabuji alifichwa makundi. Makala nyingi hazisemi neno.

Ipo pia mitego ambayo haina uhusiano na dawa kabisa. Mwanasaikolojia wa Marekani Frank Beach, ambaye mwaka 1956 yeye na Lisbeth Jordan walichapisha kazi inayotajwa hadi leo kuhusu kuchoka na kurejea kwa ashiki kwa panya dume, alikuwa miongoni mwa waliowafundisha watafiti kwamba dume aliyekwisha choka kabisa na jike mmoja huweza kuamka tena akiletewa jike mgeni. Maana yake ni kwamba ukibadilisha majike bila utaratibu, unaweza kuusifu mzizi kwa kazi iliyofanywa na sura mpya kizimbani. Vivyo hivyo, dume asiyewahi kukutana na jike na dume mzoefu hawalinganishiki, na katika kila kundi kubwa wapo madume ambao hawapandi kabisa, dawa iwepo au isiwepo. Mtafiti mwangalifu huwachuja mapema, au huwatumia makusudi akitaka kuona kama dawa itawaamsha.

Nirudi kwenye chupa ya binamu. Utafiti unaotajwa na wauzaji ulichapishwa mwaka 2005 na Yakubu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ilorin, Nigeria, nao ulitumia maji yaliyochujwa kutoka shina la Fadogia agrestis, kwa dozi za miligramu 18, 50 na 100 kwa kila kilo ya uzito wa panya. Idadi ya kupanda na kupenya iliongezeka, muda wa kufikia kutoa manii ulirefuka, na testosteroni kwenye damu ilipanda. Kwa muuzaji, hayo yote ni habari njema. Mimi naona mahali pa kusita hapo katikati. Dume anayepenya mara nyingi zaidi na kuchelewa zaidi kutoa manii anaweza kuwa ameongezewa uwezo, lakini pia anaweza kuwa amepungukiwa na hisia, akawa anahangaika kufika mahali ambapo mwenzake alikwisha fika. Kwa mwanamume anayewahi kumaliza, kuchelewa ni nafuu, ilhali kwa mwanamume anayeshindwa kumaliza kuchelewa huko ndio ugonjwa wenyewe. Saa ya kupimia sekunde haijui tofauti hiyo, na aliyeandika lebo hakuona haja ya kuitaja.

Watafiti wenyewe wamehangaika sana kutenganisha hamu na uwezo. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Clark, Smith na Davidson wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Science, kuhusu yohimbini, kemikali inayopatikana kwenye gome la mti wa Pausinystalia johimbe wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Waliwatia madume ganzi sehemu za siri, ili tendo lenyewe lisiweze kukamilika, kisha wakahesabu ni mara ngapi wangeendelea kupanda. Waliopewa yohimbini walipanda zaidi. Hapo kwa kweli unaweza kusema umegusa kitu kinachofanana na hamu, kwa kuwa malipo ya tendo yameondolewa na mnyama bado anarudi. Kemikali hiyo iliwahi kuwafanya wapande hata madume waliokuwa hawapandi kabisa. Ni mojawapo ya dawa chache za mimea ambazo njia kutoka kwa panya hadi kwa binadamu imeonekana kwa kiasi fulani, na ni mfano mzuri pia wa gharama yake: dawa inayofungua breki za mfumo wa fahamu hukimbiza moyo, hupandisha shinikizo la damu na kuleta wahaka.

Njia nyingine ya kupima hamu iliwahi kutumiwa na watafiti wa Malaysia miaka ya 1990 kwa mmea wa Eurycoma longifolia, unaojulikana huko kama tongkat ali. Waliweka sakafu ya nyaya zenye umeme kati ya dume na jike, wakahesabu ni madume wangapi wangeivuka. Nakiri kwamba jaribio hilo lina akili, na nakiri pia kwamba nikiulizwa leo kama linastahili kurudiwa nitasema hapana. Kanuni tatu ambazo William Russell na Rex Burch waliziandika mwaka 1959, yaani kumtumia mnyama pale tu pasipo na mbadala, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu, zinauliza swali jepesi: unachokwenda kukijua kina thamani ya mshtuko huo? Kwa dawa ya kuzuia kiharusi nitafikiria. Kwa vidonge vyenye mchoro wa simba siitafuti hata kalamu.

Kuna vipimo visivyohitaji mnyama aliye hai wala mwenzi wake. Kipande chembamba cha msuli wa uume wa sungura huning'inizwa kwenye gilasi yenye maji ya chumvi ya nyuzijoto 37, hewa ya oksijeni ikipitishwa humo kwa mapovu, na uzi mmoja ukiunganishwa na kipima mvuto. Kwanza msuli hukazwa kwa kemikali, kisha matone ya mtishamba huongezwa, na ukilegea, mstari kwenye skrini hushuka. Msuli unaolegea huruhusu damu kuingia, na damu kuingia ndiko kusimama. Kwa njia za namna hii ndivyo ilivyojulikana kwamba ikariini, iliyomo katika majani ya Epimedium yanayotumiwa tangu zamani nchini China, huzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na sildenafili, dawa ya hospitali inayojulikana zaidi kama Viagra, ingawa kwa udhaifu mkubwa zaidi. Nataja sungura kwa sababu nyingine pia: sungura, kama binadamu, hana mfupa katika uume. Panya anao. Msomaji anayeambiwa kwamba dawa fulani "imesimamisha" panya akumbuke kwamba mnyama huyo alianza na mtaji ambao sisi hatuna.

Suala la homoni nalo lina hadithi yake. Mbigili, Tribulus terrestris, huuzwa dunia nzima kama kipandisha testosteroni, na mwaka 2002 watafiti wa Singapore walionyesha kwamba panya waliohasiwa, yaani wasio na korodani kabisa, walipopewa dondoo lake, yaani kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea, walipanda zaidi kuliko waliohasiwa bila kupewa. Mwaka 2005 watafiti wa Bulgaria waliwapa mmea huohuo vijana wazima 21 kwa wiki 4, wakapima damu yao mara kwa mara. Testosteroni haikusogea. Sioni kwamba matokeo ya panya yalikuwa ya uongo. Mnyama asiye na korodani ni ndoo tupu, na tone lolote ndani yake huonekana, wakati kijana mwenye korodani nzima ni ndoo iliyokwisha jaa, na mwili wake una njia zake za kurudisha kiwango mahali pake.

Binamu aliniuliza pia kuhusu dozi, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu yake: ikiwa panya alipewa miligramu 100 kwa kilo, basi yeye mwenye kilo 70 anahitaji gramu 7. Hesabu hiyo inaonekana sawa na ni makosa. Mnyama mdogo huunguza na kutoa dawa kwa kasi kuliko mkubwa, na mwongozo uliotolewa mwaka 2005 na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huigawa dozi ya panya kwa 6.2 ili kupata kadirio la binadamu. Miligramu 100 hugeuka kuwa 16 hivi kwa kilo, ambazo kwa kilo 70 ni kama gramu 1.1. Hata hiyo ni gramu ya dondoo lililokaushwa, wala si ya unga wa shina. Ikiwa gramu 100 za unga hutoa gramu 10 za dondoo, basi gramu 1.1 imetoka kwenye gramu 11 za mmea, na ikiwa maabara imetumia heksani au methanoli badala ya maji, imechota vitu ambavyo aliyechemsha mizizi kwenye sufuria hakuwahi kuvinywa. Mganga wa asili anatafuna, anachemsha, anachanganya mitatu au minne. Maabara inasaga mmoja na kuukamua kwa kemikali, kisha jina la mmea linabaki lilelile.

Nikifika kwenye madhara, kwa maoni yangu ndipo panya anapostahili chakula chake. Timu ileile ya Ilorin haikuishia mwaka 2005. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya kuwapa panya dume dondoo la shina lilelile la Fadogia kwa siku 28, safari hii bila jike wala saa, wakitazama korodani zenyewe: vimeng'enya, kolesteroli, glikojeni na mengineyo. Waliona mabadiliko ambayo wao wenyewe walionya kwamba yanaweza kudhuru utendaji wa korodani. Mwaka 2009 wakachapisha matokeo ya ini na figo, nayo hayakuwa ya kufurahisha, kwani walikuta dalili za uharibifu katika utando wa seli. Yaani watu walioupatia ulimwengu ile sentensi ya kwenye lebo ndio hao hao walioandika onyo, kwa uaminifu unaostahili heshima, na wauzaji walibeba makala ya kwanza wakaziacha mbili zilizofuata mlangoni.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Mondia whitei, mmea wa kutambaa ambao mizizi yake yenye harufu tamu hutafunwa katika sehemu nyingi za Afrika. Watafiti wa Kamerun, Watcho na wenzake, waliwapa panya dume maji ya gome la mizizi hiyo, miligramu 400 kwa kilo kila siku. Katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 2004, waliopewa kwa siku 8 walionekana kuwa na korodani nzito zaidi na testosteroni ya juu zaidi. Katika kazi ya mapema zaidi, ya mwaka 2001, waliopewa kwa siku 55 walipata vidonda katika mirija ya korodani, na utengenezaji wa mbegu ukasimama. Dawa ilipokatishwa, hali ilirejea baada ya muda unaokaribiana na huo. Mmea ni uleule, dozi ileile, mnyama wa aina ileile. Kilichobadilika ni kalenda. Na siku 55 hazikuokotwa: mbegu ya panya huchukua zaidi kidogo ya siku 50 kutengenezwa kutoka seli ya mwanzo hadi kukomaa, kwa hiyo asiyesubiri muda huo hana namna ya kuona kilichoharibika mwanzoni mwa mkondo. Kwa binadamu muda huo unakaribia siku 74. Mwanamume anayetumia unga kwa mwezi mmoja, akajisikia vizuri na kuamua kuendelea, bado hajapata habari kamili kutoka kwenye korodani zake.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini makala za siku chache ni nyingi kuliko za siku nyingi, na sihitaji kuwatuhumu watu nia mbaya ili kupata jibu. Kumlisha panya siku 8 ni rahisi. Kumlisha siku 55, ukamchinja, ukakata korodani vipande vyembamba, ukavipaka rangi na kuvitazama kwa hadubini mmoja mmoja, ni kazi ya miezi na fedha. Kipimo cha sumu ya haraka, ambapo mnyama hupewa dozi moja kubwa, mara nyingi miligramu 2,000 kwa kilo, na kuangaliwa kwa siku 14, huwekwa kwenye makala ili kusema kwamba dawa "ni salama", wakati kinachoonyeshwa ni kwamba haikuua upesi. Mtu hanywi vidonge vya nguvu za kiume mara moja. Hunywa mwaka mzima.

Jambo moja linampa panya ubora ambao hakuna binadamu anao: hajui kwamba amepewa dawa. Hasomi lebo, hajaambiwa na rafiki, hajalipa fedha ambazo zingemuuma zisipozaa matunda. Kwa binadamu, kumeza kidonge chochote huku ukiamini kitakusaidia huleta nafuu ya kweli kwa baadhi ya watu, hasa kwenye jambo hili ambalo wasiwasi ni nusu ya maradhi, na ndiyo maana jaribio la dawa bila kidonge bandia cha kulinganisha halina maana. Lakini ubora huohuo unageuka upungufu. Panya aliyetumika ana wiki kumi na kitu, hajawahi kuvuta sigara, shinikizo lake la damu ni zuri, halali akiwaza deni, hajagombana na mwenzake jioni ile. Mara nyingi anapewa dawa ya tatizo ambalo hana. Wapo watafiti wanaotengeneza panya mgonjwa, kwa mfano kwa kumchoma streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zitoazo insulini, kisha kumwacha wiki kadhaa na kisukari chake mpaka mishipa na neva za uume zianze kuharibika, ndipo wampe mtishamba. Hizo ndizo makala ninazozisoma hadi mstari wa mwisho.

Na jike? Katika sehemu kubwa ya tafiti hizi yeye ni kifaa, kama saa na maranda. Ameondolewa ovari, amechomwa homoni, ametiwa kizimbani ambamo hawezi kuondoka. Wapo waliomtengenezea kizimba chenye ukuta wa kugawa na tundu dogo analoweza kupita yeye tu, ili aamue mwenyewe lini aende kwa dume na lini arudi upande wake, na ilipofanyika hivyo ilionekana kwamba jike ana mwendo wake, huja na kuondoka, na ukimwachia mwendo huo tabia ya tendo zima hubadilika. Dawa inayomfanya dume ampande mara mbili zaidi jike asiye na pa kukimbilia imepimwa upande mmoja. Nadhani hili ni pengo kubwa kuliko linavyosemwa, na nadhani halisemwi kwa sababu wanunuzi wa chupa ni wanaume.

Kabla hata ya kufika kwa panya, mtishamba uliofungwa kiwandani unapaswa kupitishwa kwenye mashine ya kutenganisha kemikali. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuwa zikikamata bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa sildenafili au ndugu zake kwa siri. Bidhaa kama hiyo itafanya kazi kwa panya na kwa mtu, na sifa zitakwenda kwa mzizi. Kwa mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo unaweza kushusha shinikizo la damu ghafla na kumuua. Nilimwambia binamu hili kabla ya mengine yote, na nikamuuliza kama anatumia dawa yoyote ya hospitali. Hakunijibu siku hiyo.

Nilimtumia pia makala zote tatu za Ilorin, ile ya 2005 na mbili zilizofuata, nikampigia mstari chini ya dozi na siku. Alikaa kimya siku mbili. Usiku wa pili aliniandikia tena, safari hii bila kicheko na bila picha ya chupa, akiuliza kama wale panya wa mwaka 2005 walikuwa na kisukari.

Nikamwambia hapana, walikuwa wazima. Ndipo nami nilipojua kwamba yeye anacho.